Mgongo Uliokatika Duarani: wa Kuripoti au wa Kuchua?

Kifusi kikishuka, hakuna anayeuliza kama kuna haja ya kutoa taarifa. Duara, yaani shimo la kuchimbia, la Nyangalata wilayani Kahama lilipofukia wachimbaji mwezi Oktoba 2015, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, habari ilizunguka dunia. Mwezi Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, mkoani humohumo Shinyanga, ulifukia watu 25. Viongozi walifika, mitambo ikafika, na kamera zikafika. Ajali ya namna hiyo inajitangaza yenyewe.

Ya mgongo haijitangazi. Tuseme kijana yuko Mwakitolyo, anahamisha mifuko ya mawe kutoka mdomo wa duara kwenda kwenye lundo la mgao, mahali mifuko inapogawanywa. Anainama, ananyanyua, anageuka, na papo hapo kitu kinamkata kiunoni. Anaachia mfuko. Wenzake wanamtania kwamba ameanza uzee. Jioni anachuliwa kwa mafuta, asubuhi hawezi kuinama afunge viatu. Hakuna damu, hakuna mfupa uliochomoza, hakuna cha kupiga picha. Siku ya nne au ya tano ndipo msimamizi anapoanza kujiuliza: hii nayo ni ajali? Inaandikwa wapi, na anapelekewa nani?

Jibu langu fupi ni kwamba iandikwe, na kwa walio wengi ipelekwe. Jibu refu lina matawi, na ni vyema kuyapitia, kwa sababu kwenye matawi hayo ndiko haki za watu zinakopotelea.

Kwa asiyeifahamu, Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, jimbo la Solwa, kwenye ukanda wa dhahabu unaoungana na Kahama na Geita. Machimbo yake yanajulikana kwa namba, na Namba Tano ndiyo iliyovuma zaidi. Kazi za pale ni nyingi. Wako wa chini wanaopiga moko na nyundo wakiwa wamejikunja, wako wavuta winchi na wabebaji, wako kina mama wanaoponda mawe na kubeba maji ya mwaloni, wako vibarua wa karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na wako wapishi wanaoinua sufuria za kulisha watu wengi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayouacha mgongo salama.

Mzigo wenyewe nao ni habari nyingine. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha juu kwa mwanamume mzima anayebeba kwa mwili wake. Wataalamu wa Marekani wameshuka zaidi: hesabu yao ya kunyanyua mizigo inaanzia kilo 23, tena pale mzigo ukiwa karibu na mwili, mguu ukiwa imara na mwili haujajipinda. Kila kasoro inayoongezeka hupunguza kilo hizo. Mfuko wa saruji, tunaouona wa kawaida kabisa, ni kilo 50. Mfuko wa duarani hauna mizani. Unapimwa na mkono wa anayeujaza, na siku ya mgao mkono huo hauna sababu ya kuwa mwepesi. Akiunyanyua kijana aliyesimama kwenye kifusi kinachoteleza, kiuno kimejipinda, hapo kilo 23 za vitabuni ni hadithi.

Sasa turudi kwenye swali: ni ajali au si ajali?

Wasimamizi wengi hukwama hapa. Kwao ajali ni lazima kitu kianguke, kikatike, kilipuke au kimgonge mtu. Kama mtu amenyanyua mzigo uleule wa kila siku, kwa namna ileile, na safari hii mgongo umegoma, ajali iko wapi? Ubishi huo ni wa zamani kuliko machimbo yetu. Mwaka 1903 ulifika Baraza la Malodi la Uingereza katika kesi ya Fenton dhidi ya kampuni ya Thorley. Mfanyakazi wa kiwanda cha chakula cha mifugo alikuwa akizungusha gurudumu la mashine lililokaza. Akatumia nguvu zaidi, akapata ngiri. Mashine haikuvunjika, mtu hakuteleza, na hakuna kilichomgonga. Mwajiri akadai hapakuwa na ajali, kwani mtu huyu alifanya kile hasa alichokusudia kufanya. Malodi walikataa. Walisema ajali ni balaa lisilotazamiwa wala kukusudiwa, na mtu huyu alikusudia kuzungusha gurudumu, hakukusudia kuumia. Balaa linaweza kutokea ndani ya mwili wenyewe bila kitu cha nje kuharibika.

Sheria za fidia zilizoletwa na Waingereza kwenye makoloni yao zilikuja na fikra hizo. Tanganyika ilipata ya kwake mwaka 1949, ikaishi hadi ilipofuatiwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, ambayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yetu haimuulizi mfanyakazi kama mwajiri alizembea. Inauliza kama ameumia, na kama kuumia kumetokana na kazi wakati akiwa kazini. Mgongo uliokatika saa nne asubuhi katikati ya kunyanyua mfuko unapita kwenye maswali hayo yote mawili bila kusukumwa.

Mkanganyiko unaletwa na kitu kingine, na nitakisema bila kuficha: miongozo mingi ya usalama inayozunguka kwenye simu za maofisa wetu imeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Uingereza ileile ya Malodi, katika kanuni zake za kuripoti za mwaka 2013, imebana sana. Inataka tukio la nje linalotambulika, kama kitu kuanguka. Kusikia mkato wa ghafla peke yake hakuhesabiwi kuwa ajali, na mgongo uliochoshwa na kubeba siku nenda siku rudi hauingii kabisa kwenye fungu hilo. Tena jeraha la kawaida huripotiwa pale tu mtu anapokosa uwezo wa kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku saba mfululizo. Ofisa anayesoma hayo akiwa Shinyanga na kuyatumia kama yalivyo anamnyima mtu haki kwa sheria isiyomhusu.

Kuna na hili la siku tatu, ambalo nalo limezaa imani potofu. Kuna nchi ambako jeraha lisiloua huripotiwa kwa mkaguzi likimzuia mtu kufanya kazi kwa zaidi ya siku tatu. Kwetu siku tatu zimo pia katika sheria ya fidia, lakini zina kazi tofauti: ulemavu wa muda usiozidi siku tatu haulipiwi fidia ya kipato. Ni kipimo cha malipo. Hakimruhusu mwajiri kukaa kimya hadi siku ya nne. Mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kuiarifu WCF ndani ya siku saba za kazi tangu apewe taarifa au apate kujua kwamba mfanyakazi wake ameumia. Mwenye kungoja aone kama mgongo utapoa anakula siku zake mwenyewe, kwani saa ilianza kuhesabu pale alipoambiwa.

Hata hivyo siwezi kusema kila maumivu ya kiuno ni ajali. Mgawanyo nautafutia hapa: je, mtu anaweza kutaja saa? Akisema, "Juzi nilipokuwa nashusha gogo la matimba, mgongo ulilia," hilo ni tukio, lina tarehe, lina mahali, pengine lina shahidi. Akisema, "Mwaka huu wote kiuno kinanisumbua, kikizidi wakati wa kuponda," hapo hakuna saa. Huo ni mlango wa ugonjwa utokanao na kazi, unaopita njia nyingine, mgumu zaidi, wenye kudai historia ya kazi na maoni ya daktari. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, inayataja magonjwa ya misuli, viungo na mifupa, na inaacha nafasi kwa yasiyotajwa kwa jina iwapo uhusiano wake na kazi utathibitishwa. Kwa hiyo mama anayeponda mawe asiambiwe kwamba mgongo wake hauna pa kwenda. Ataambiwa kwamba ushahidi wake unahitaji kukusanywa kwa muda mrefu zaidi.

Yupo wa katikati pia, na ndiye wengi: mwenye mgongo wa siku nyingi uliozidishwa na tukio la jana. Msimamizi atasema huyu alikuja nao. Huenda kweli alikuja nao. Lakini udhaifu wa zamani haufuti tukio jipya, na wa kupima kipi kimetokana na kipi ni daktari na Mfuko. Msimamizi kazi yake ni kuandika kilichotokea. Naona makosa mengi ya kutoripoti yanaanzia hapo: mtu aliyepewa kazi ya kuandika anajipa kazi ya kuhukumu.

Niingie kidogo kwenye mgongo wenyewe, kwa sababu asiyeujua ataudharau. Katikati ya pingili za uti kuna diski laini, na diski mbili za mwisho, zile za juu kidogo ya makalio, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo tunapoinama. Mtu akiinama na kujipinda kwa pamoja huku amebeba, diski inaweza kutokeza nyuma na kubana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Ndipo utamsikia anasema maumivu yanashuka kama umeme hadi kwenye unyayo. Picha ya eksirei haionyeshi diski, inaonyesha mifupa. Kwa hiyo kijana aliyepigwa eksirei na kuambiwa "mifupa yako mizima" hajathibitishwa kuwa hakuumia. Msimamizi anayeishika picha hiyo kama ushahidi wa uongo wa mtu anaitumia kwa jambo isiloliweza.

Habari njema ni kwamba migongo mingi iliyoumia kwa kunyanyua hupoa ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi huchelewesha kuliko kusaidia. Ila kuna dalili zisizosubiri kuchuliwa wala sindano ya diklofenaki ya duka la dawa: ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na haja kubwa, mguu unaoishiwa nguvu, au mgongo ulioumia kwa kuanguka kutoka juu. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, tena abebwe akiwa amenyooshwa kwenye ubao au kitu kigumu, asikunjwe nyuma ya bodaboda.

Na kuna jambo la kuogopwa zaidi machimboni kuliko kwingine. Vumbi la mawe yenye silika hudhoofisha mapafu na kuufungulia njia ugonjwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu kinaweza kuhamia kwenye uti wa mgongo. Mchimbaji ambaye maumivu yake yalikuja polepole, anatoka jasho usiku, anakonda na ana homa za jioni, asifungiwe kwenye fomu ya kunyanyua mzigo. Apimwe kifua kikuu. Wala asipelekwe kwa muuza dawa za ngiri na chango, ambaye kila kiuno kinachouma yeye ana chupa yake. Malodi wa 1903 walikuwa na ngiri ya kweli mbele yao. Hizi za minadani nyingi ni jina la biashara.

Sasa tawi gumu kuliko yote: nani mwajiri?

Ukiuliza duarani utaambiwa hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, sote ni wa mgao. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara aliyeweka mtaji, kuna wachimbaji wanaolipwa kwa mifuko baada ya mawe kupatikana. Isipopatikana dhahabu, hakuna anayemdai mwenzake. Kwa mpango huo, taarifa ya WCF inaonekana haina wa kuiandika, kwa sababu Mfuko unachangiwa na waajiri peke yao, kwa sasa asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi wao, na aliyejiajiri hayumo.

Lakini jina ambalo watu wameupa mpango wao si neno la mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, au saa zake zinapangwa naye, amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au hamfanyii kazi mtu mwingine.

Yapime hayo kwenye duara la kawaida. Kamba, winchi, moko, taa na posho ya chakula vimetoka kwa mwenye duara. Msimamizi ndiye anayesema leo mnashuka saa ngapi na mnapasua upande gani. Kijana hana duara lingine. Kulipwa kwa mifuko badala ya shilingi ni njia ya malipo tu. Haibadilishi nani anayemwamuru mwenzake. Nathubutu kusema wengi tunaowaita watu wa mgao wangekutwa ni waajiriwa kama mtu angekaa chini na kifungu hicho. Vibarua wa karasha, walinzi, wapishi na wanaolipwa kwa siku hawana hata utata. Hao ni waajiriwa mchana kweupe, na mwajiri wao alipaswa kujisajili WCF kabla mtu yeyote hajaumia. Wanaobaki nje kweli ni wale wanaochimba shimo lao kwa mtaji wao, wakigawana wenyewe bila wa kuwaamuru.

Hao wa nje nao hawajaondoka kwenye sheria zote. Uchimbaji mdogo unaendeshwa chini ya leseni, na kanuni za madini za mwaka 2010 kuhusu usalama, afya na mazingira zinamtwika mwenye leseni wajibu wa usalama wa eneo lake na wa kutoa taarifa za ajali kwa wakaguzi. Mlango wao ni ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini. Mgongo ulioumia kwa kuanguka, kukatika kamba ya winchi au kuangukiwa na jiwe upelekwe huko bila mjadala. Ule wa kunyanyua mzigo, kama unasitasita, piga simu ofisini uulize, kisha andika tarehe uliyouliza na ulichojibiwa.

Kwa hiyo milango ni mitatu na haibadilishani kazi. WCF inashughulika na fidia. OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inasimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 na inataka kujua ajali ili ikague na kuzuia nyingine. Tume ya Madini inataka kujua kinachotokea ndani ya eneo la leseni. Kumwambia mmoja si kuwaambia wote. Na ile fomu ya polisi, PF3, ambayo kwetu majeruhi huitafuta kwanza kabla ya hospitali, haimfikishi mtu kwenye ofisi hata moja kati ya hizo. Nimeshasikia mara nyingi "tulisharipoti, tulichukua PF3." Hapana. Umeripoti polisi.

Kwa nini watu hawaripoti? Tusidanganyane kwamba ni kutojua tu. Mwenye duara anaogopa mkaguzi akija kwa ajili ya mgongo ataona na matimba yaliyooza, afunge shimo lenye watu wengi wanaolitegemea. Mchimbaji anaogopa kuitwa mvivu na kukosa mgao wa mawe aliyoyatolea jasho wiki nzima. Wote wawili wanaamini kwamba kuandika ni kukiri kosa. Hofu ya kwanza na ya pili zina ukweli ndani yake, na serikali ikitaka taarifa zaidi itabidi wakaguzi wake wazoeleke machimboni siku zisizo za msiba. Hofu ya tatu haina msingi. Fidia ya WCF hailipwi kwa sababu mwajiri amekosa. Inalipwa kwa sababu mtu ameumia kazini. Taarifa ni kumbukumbu ya tukio. Mwajiri aliyechangia na kuripoti kwa wakati ndiye aliyejilinda, kwa sababu matibabu na kipato cha majeruhi vinabebwa na Mfuko badala ya mfuko wake wa shati.

Na kinachobebwa si kidogo. Zaidi ya matibabu, mfanyakazi asiyeweza kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kinachoweza kufika miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa kuzidi asilimia 30 huzaa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Kijana wa miaka 25 mwenye mguu uliokufa ganzi kwa sababu ya diski anahitaji sana kuwa mmoja wa waliosajiliwa.

Kuhusu uandishi wenyewe nina maneno machache, kwani taarifa nyingi za mgongo zinakufa kwa sababu ya sentensi moja mbaya. Ukiandika "ana matatizo ya mgongo," umeandika ugonjwa usio na mwanzo, na anayesoma ofisini ana haki ya kuuliza unahusiana vipi na kazi. Andika hivi: "Jumanne saa nne asubuhi, kwenye mdomo wa duara, akinyanyua mfuko wa mawe unaokisiwa kilo 50, alisikia mkato kiunoni, akaachia mfuko, hakuweza kuendelea." Taja walioona. Taja saa aliyomwambia msimamizi, siku aliyoacha kazi na mahali alipotibiwa. Majeruhi naye akifika zahanati amweleze mganga tukio, asiseme tu "kiuno kinauma," maana maneno ya siku ya kwanza kwenye cheti ndiyo yatakayosomwa miezi sita baadaye.

Machimboni ushahidi una miguu. Ikisikika rashi mpya Geita au Chunya, mashahidi wote wanapanda basi. Chukua namba zao za simu siku hiyohiyo. Na kuna ushahidi mmoja ambao watu hawaufikirii: daftari la mifuko. Kila duara linalo. Linaonyesha nani alishuka, siku gani, ilitoka mifuko mingapi, ya nani ni ipi. Tangu masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo inaandikwa hadi gramu, mrabaha wa asilimia 6 unakatwa, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 inakatwa. Hatuwezi kusema watu wa machimbo hawajui kuandika kumbukumbu. Kwenye daftari hilohilo ongeza ukurasa wa walioumia, hata kama ni mkato wa mgongo ulioisha jioni. Akirudi wiki ijayo ameshindwa kusimama, mwanzo wa hadithi yake tayari umeandikwa na mkono usio wake.

Aliyechelewa je? Sheria inaacha mlango wazi kwa miezi 12. Dai lisilofikishwa ndani ya muda huo tangu ajali liko hatarini kupotea kabisa. Mwenye mgongo ulioumia miezi minane iliyopita bado ana nafasi ya kwenda WCF na alichonacho: cheti cha zahanati, jina la msimamizi, namba za waliokuwapo. Asiogope kwa sababu mwajiri wake hakuripoti. Kutoripoti ni kosa la mwajiri.

Wewe mwenye leseni na mwenye duara, ukiwa na shaka, ripoti; kukataa dai ni kazi ya Mfuko, na Mfuko una madaktari wa kufanya hivyo. Na wewe uliyeumia, mwambie msimamizi leo. Sheria inakuruhusu kutoa taarifa kwa maandishi au kwa mdomo, ila hakikisha kuna mtu wa tatu amesikia.